Saa Tano na Dakika Kumi

Radviliškis, mji wa reli, mwezi wa pili.
Theluji imeyafunika mataruma kama shuka la hospitali.
Daktari Jurgita anasukuma karatasi mezani:
"Mzee Zigmas, nichoree saa.
Mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Miaka thelathini na minane
mtu huyu aliinua bendera, akashusha bendera,
treni za mizigo za Klaipėda na za abiria za Vilnius
zisikwaruzane hata rangi.
Saa ilikaa mfukoni mwake,
naye akakaa mfukoni mwa saa.

Sasa anachora duara, zuri, la mkono uliotulia.
Kisha tarakimu zote kumi na mbili
anazibana upande wa kulia,
kama abiria waliosikia behewa la nyuma linakatwa.
Upande wa kushoto: theluji tupu.
Mishale haiweki.
"Treni haijaruhusiwa," anasema.

Msomaji, sisi wa lugha hii twasema saa tano
na mshale umesimama juu ya kumi na moja,
wala hatupotei.
Kati ya jicho na ulimi tuna daraja
tunalolivuka tangu utotoni bila kulitazama.
Sasa fikiri madaraja kama hayo, maelfu kwa maelfu,
yakianguka moja moja
bila kishindo.

Bintiye, Daiva, auliza: si uzee tu huu?
Daktari hamung'unyi maneno.
"Uzee huchelewesha treni. Huu unang'oa reli.
Nje ya seli za ubongo protini hugandamana, vibonge vibonge;
ndani, nyuzi zinazopitisha chakula husokotana,
na seli hufa njaa kando ya ghala.
Wala haukuanza jana.
Huenda ulianza akiwa bado anapuliza kipenga."

Na dawa?

Kipo kidonge. Hakiponyi.
Huweka mguu mlangoni, mlango usijifunge upesi,
mwaka, pengine miwili;
kwa wengine hata mguu hauweki.
Zipo na dripu mpya za kuosha vile vibonge,
kwa walio mwanzo wa safari,
tena kwa kupigwa picha za kichwa kila mara,
maana ubongo huweza kuvimba, au kuvuja damu.
Zigmas kituo hicho amekwisha kukipita.

Kidonge cha usiku kilimletea ndoto kali:
mabehewa ya makaa yakikatiza jikoni.
Wakakihamishia asubuhi.
Ndoto zikahama. Makaa aliyaulizia wiki nzima.

Kila jioni alimtaka Aldona.
"Baba, mama alikufa. Mwaka wa tisa huu."
Jioni sita mfululizo
Zigmas akafiwa upya,
akalia upya, akatafuta viatu vya maziko.
Ya saba, Daiva akaweka kijiko chini:
"Alivaaje siku mlipokutana?"
Koti la buluu, akasema mzee, kifungo kimoja kimekatika,
na mikono inanuka uyoga.
Akala supu yote.

Hilo nalo ni dawa. Haliuzwi,
na anayelitoa huchoka hadi mifupani:
Daiva amewahi kumfokea baba yake kwa ajili ya soksi,
kisha akajifungia bafuni, bomba likitiririka.

Saa tano na dakika kumi, treni ya mizigo hupita nyuma ya nyumba.
Mzee husimama kabla haijasikika,
huinua kitambaa cha kufutia vyombo dirishani.
Mwezi wa tatu ratiba ikabadilishwa.
Akasimama vilevile.
Reli tupu, kunguru mmoja, matone ya theluji inayoyeyuka.
Akaishusha bendera yake ya jikoni.
"Imepita," akasema. "Andika."
Daiva akaandika.

Usiku, mzee akiwa amelala,
alichora saa yake mwenyewe
nyuma ya risiti ya maziwa.
Tarakimu kumi na mbili, mishale miwili.
Akaiangalia.
Akaichora tena.